Kuhamia dawa ya taratibu ya Parkinson: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza nyumbani

Daktari akisema mgonjwa wa Parkinson aache kidonge cha kawaida cha levodopa ahamie kile kinachoachia dawa taratibu, watu wa nyumbani hushika jambo moja tu: sasa atameza mara chache kwa siku. Ni kweli. Lakini kosa linaloharibu uhamisho huu kuliko mengine yote ni kudhani kwamba miligramu 100 za kidonge cha kawaida ni sawa na miligramu 100 za dawa ya taratibu. Si sawa hata kidogo. Hesabu ikipungua, mzee anakakamaa mchana kutwa. Ikizidi, mwili unamcheza bila ridhaa yake, presha inashuka, anaanguka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa familia za Mwanza na kando ya Ziwa Victoria, zikiwemo zile za visiwani ambako kufika kliniki ni safari ya siku nzima. Dozi anapanga daktari. Kazi yenu ni kumpelekea taarifa sahihi, kuitekeleza dozi bila kuivuruga, na kutambua mapema inapokwenda kombo. Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye boksi ili muweze kulinganisha.

Kwanza, nini hasa kinabadilika

Ubongo wa mgonjwa wa Parkinson umepungukiwa dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili, na levodopa ndiyo malighafi ya kuitengenezea. Carbidopa (au benserazide kwenye Madopar) huilinda levodopa isigeuzwe njiani kabla haijafika ubongoni, na hupunguza kichefuchefu. Ndiyo maana boksi lina namba mbili. 25/100 maana yake ni carbidopa miligramu 25 na levodopa miligramu 100. Watengenezaji wengine huandika kinyume, 100/25. Msihangaike: namba kubwa ndiyo levodopa, na hesabu zote huko mbele zinafuata namba hiyo.

Kidonge cha kawaida hushika ndani ya dakika 20 hadi 60, kisha kiasi kilichomo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa moja na nusu hivi. Miaka ya mwanzo mgonjwa hahisi panda-shuka hiyo kwa sababu ubongo wake bado unaweza kujiwekea akiba. Ugonjwa ukiendelea, akiba inaisha, na mwili unaanza kufuata damu: dawa ikipanda anafunguka, ikishuka anaganda. Hapo ndipo familia huanza kusema "dawa imeshika" na "dawa imekata". Maneno hayo yanatosha kabisa, yatumieni hata mbele ya daktari.

Dawa ya taratibu imetengenezwa ili mteremko huo usiwe mkali. Ila zipo za aina tofauti, na mchanganyiko mkubwa unaanzia hapo.

Hatua ya 1: Jueni mmepewa ipi

Shikeni boksi, msome herufi zinazofuata jina. CR, SR, ER, XR, XL, PR, HBS au neno Retard vyote vinaonyesha kwamba dawa inatoka polepole. Boksi lisilo na herufi hizo kwa kawaida ni la dawa ya kutoka haraka. Vidonge viwili vinaweza kufanana rangi na ukubwa vikawa tofauti kabisa, kwa hiyo msivitambue kwa macho tu.

Aina ya kwanza ni kidonge cha levodopa na carbidopa chenye alama CR au ER, kama 25/100 na 50/200. Hiki ndicho cha zamani zaidi katika kundi hili. Marekani kiliidhinishwa mwaka 1991. Kinamomonyoka tumboni polepole. Kinachoingia kwenye damu ni takriban asilimia 70 hadi 75 tu ya kile ambacho kidonge cha kawaida chenye namba ileile kingeingiza, na kinafika kileleni baada ya saa mbili hivi.

Aina ya pili ni kapsuli zenye chembechembe ndogo zinazoyeyuka kwa zamu, baadhi mapema na baadhi baadaye. Rytary, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ni mojawapo, nayo ina levodopa ya miligramu 95, 145, 195 au 245 kwa kapsuli. Crexont ilifuata mwaka 2024, na namba zake ni nyingine tena. Familia nyingi za huku hukutana na kapsuli hizi pale ndugu aliye ng'ambo anapozituma au mzee anaporudi nazo kutoka matibabuni. Kapsuli ya Madopar HBS nayo ni ya taratibu, lakini inafanya kazi kwa njia yake: inaelea tumboni huku ikiachia dawa.

Aina ya tatu si levodopa kabisa. Ni pramipexole au ropinirole ya kumeza mara moja kwa siku, ambazo huiga kazi ya dopamini. Kuhamia hizi ni rahisi zaidi kwa hesabu. Pramipexole ya kawaida ya miligramu 0.5 mara tatu ni jumla ya 1.5, na ile ya taratibu kwa kawaida huwa 1.5 mara moja, kuanzia kesho yake. Kinachohitaji macho ni tabia, na tutafika huko.

Hatua ya 2: Daftari la siku tatu, kabla ya kubadili chochote

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Daktari ana dakika chache na mgonjwa, na mgonjwa anaweza kuingia chumbani dawa ikiwa imeshika vizuri akaonekana mzima. Daftari linamwonyesha daktari saa ambazo hazioni.

Chukueni daftari la shule, chora mistari mitano ya kwenda chini: saa, dawa aliyomeza, alichokula, hali yake, na maelezo. Jazeni kila nusu saa tangu anapoamka hadi anapolala, siku tatu mfululizo. Mjukuu wa darasa la tano anaweza kulijaza vizuri kabisa akielekezwa. Kwenye hali tumieni maneno manne tu:

- Ameshika: anatembea, anakula, anavaa mwenyewe kadiri ya uwezo wake.
- Amekata: mzito, anatetemeka, miguu imegandia sakafuni, sauti imezama.
- Anachezacheza: mwili unajinyonganyonga wenyewe.
- Amelala.

Tofauti kati ya kutetemeka na kuchezacheza lazima muijue, kwa sababu tiba zake zinakwenda pande mbili. Kutetemeka kwa Parkinson kuna mdundo ule ule, mara nyingi mkono ukiwa umetulia pajani, vidole kama vya mtu anayehesabu sarafu. Kuja kwake kunafuatana na uzito wa mwili, kwa hiyo ni dalili ya dawa kupungua. Kuchezacheza hakuna mdundo: shingo inazunguka, kiwiliwili kinayumba, mguu unarukaruka, huku mgonjwa mwenyewe akiwa mwepesi na pengine hana habari. Hiyo ni dalili ya dawa kuzidi. Familia inayochanganya hizi mbili humwongezea dozi mgonjwa ambaye tayari amezidiwa na dawa. Kama hamna uhakika, piga video ya simu ya sekunde 30 na uandike saa iliyochukuliwa. Daktari ataijua mara moja.

Ongezeni kipimo kimoja cha miguu. Mgonjwa aketi kwenye kiti, asimame, atembee mita tatu hadi kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Hesabuni sekunde kwa simu. Fanyeni hivyo muda ule ule kila siku, mara moja kabla ya dozi ya mchana na mara moja saa moja baada yake. Baada ya kuhama mtarudia kipimo kile kile, na sekunde zitawaambia ukweli kuliko hisia za mtu yeyote.

Pimeni na presha. Alale dakika tano, mpime. Asimame, mpime baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andikeni kwa wino mwekundu na mumwambie daktari kabla hajaandika dozi mpya.

Hatua ya 3: Kliniki, na hesabu ya miligramu

Pelekeni daftari, maboksi yote ya dawa anazotumia (yenyewe, si majina ya kukumbuka), pamoja na mizizi, unga au dawa yoyote ya asili. Hapa upupu unahitaji kutajwa kwa jina. Mbegu zake zina levodopa halisi, na wapo wanaouziwa unga wake kama tiba ya kutetemeka. Kiasi kilichomo hakijulikani kutoka kijiko hadi kijiko. Ukiongezwa juu ya dozi iliyopangwa, hesabu yote ya daktari imevunjika. Msifiche, daktari anayejua anaweza kupanga, asiyeambiwa hawezi.

Jumlisheni levodopa ya siku nzima mkiwa nyumbani. Tuchukue mgonjwa anayemeza kidonge cha kawaida cha 25/100 mara tano: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6 mchana, saa 9 alasiri na saa 12 jioni. Jumla ni miligramu 500.

Akihamia kidonge cha CR, mahali pa kawaida pa kuanzia ni 200 mara tatu, yaani 600. Inaonekana ameongezewa, lakini asilimia 70 ya 600 ni 420 tu. Ndiyo maana wiki za mwanzo anaweza kuonekana mzito kuliko alivyokuwa, na daktari akapandisha tena. Wengi huishia karibu asilimia 30 juu ya jumla ya zamani. Kati ya marekebisho mawili hupitishwa angalau siku tatu, kwa sababu mabadiliko ya jana hayajajionyesha yote leo.

Mgonjwa huyo huyo akihamia Rytary, jedwali la mtengenezaji linampa kapsuli tatu za 95 mara tatu kwa siku: kapsuli tisa, miligramu 855. Hapo ndipo nyumba nzima hushtuka. Mtu aliyekuwa na vidonge vitano sasa ana kapsuli tisa zenye karibu mara mbili ya miligramu! Mfamasia hajakosea. Levodopa ya kapsuli hizo haiingii yote wala haiingii kwa mkupuo. Anayezipunguza kwa huruma hadi tano "zilingane na zamani" anamnyima mgonjwa zaidi ya theluthi moja ya dawa yake.

Namba tatu hizo, 500, 600 na 855, ni za mtu mmoja na hali moja. Ziandikeni zile za mgonjwa wenu ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kabla hamjatoka chumbani, ulizeni haya na muandike majibu palepale:

Je, kidonge cha kawaida kinaachwa chote, au kinabaki kimoja cha alfajiri? Swali hili ni kubwa. Dawa ya CR inachelewa kushika, na mgonjwa anayeamka amekauka kama gogo hawezi kusubiri saa mbili ili aende chooni. Madaktari wengi huacha dozi moja ya kawaida ya asubuhi kwa sababu hiyo. Wengine hutumia CR usiku peke yake, kumsaidia mgonjwa anayeshindwa kujigeuza kitandani.

Akikata katikati ya dozi, ameze nini, na mara ngapi kwa siku mwisho?

Dozi ikisahaulika, muda gani bado anaruhusiwa kuimeza na muda gani aiache asubiri inayofuata?

Dawa hii ikikosekana madukani, arudi kwenye vidonge vingapi vya kawaida? Aandike namba hiyo kwenye karatasi. Tutaeleza chini kwa nini.

Na simu ya kliniki ya kupiga ndani ya wiki ya kwanza.

Hatua ya 4: Siku ya kuhama

Chagueni Jumatatu au Jumanne, siku ambazo kliniki na mfamasia wanapatikana na mbele yenu kuna siku kadhaa za kazi. Msianze Ijumaa jioni. Msianze siku moja kabla ya kupanda meli ya Nansio, wala wiki ya msiba au harusi, wala wakati mgonjwa ana homa. Na katika wiki mbili hizo msibadili dawa nyingine yoyote isipokuwa kwa lazima. Mkibadili mbili kwa pamoja hamtajua ipi imeleta nini.

Toeni dawa ya zamani kwenye kopo la kila siku, muifunge kwenye mfuko wenye jina na neno AKIBA, muiweke mbali. Mgonjwa kumeza ya zamani na mpya kwa pamoja hutokea hasa pale wauguzaji wanapopokezana: binti wa mchana ametoa mpya, kaka wa usiku akatoa aliyoizoea. Mtu mmoja ndiye awe na funguo za dawa kwa wiki mbili za kwanza.

Wekeni kengele za simu kwa kila dozi. Dawa ya taratibu haimaanishi muda wa kulegalega. Mgonjwa wa mara tatu, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, akichelewa saa mbili kwenye ile ya mchana, jioni yote imeharibika.

Kumeza: aketi wima, kidevu kikiwa kimeinamishwa kidogo, anywe maji kwanza mafunda mawili ili koo lilainike, kisha dawa, kisha glasi nzima ya maji. Abaki amekaa dakika 20. Asimezeshwe akiwa amelala.

Sasa jambo la kusaga. Kidonge cha taratibu hakisagwi, hakitafunwi, hakiyeyushwi kwenye uji. Ukikisaga umevunja kile kinachokifanya kiwe cha taratibu, na dozi iliyopangwa kutoka kwa saa nyingi inaingia kwa mkupuo mmoja: kwanza kichefuchefu, mwili kuchezacheza na presha kuporomoka, kisha njaa ya dawa mapema. Kidonge cha CR cha 50/200 chenye mstari katikati kinaweza kugawanywa vipande viwili kwenye mstari huo, basi, na mfamasia athibitishe kwa kampuni mliyopewa. Kapsuli ya Rytary inaweza kufunguliwa na chembechembe zake kunyunyizwa juu ya kijiko kimoja au viwili vikubwa vya rojo la tufaha, akameza papo hapo bila kutafuna wala kubakiza. Crexont na Madopar HBS hazifunguliwi. Kama kumeza kumekuwa shida ya kila siku, mwambieni daktari mapema. Huenda dawa ya taratibu si chaguo la mgonjwa huyo.

Rudini kwenye daftari lile lile, nusu saa kwa nusu saa, siku ya 1 hadi ya 4. Baada ya hapo jazeni siku moja kwa wiki hadi kliniki inayofuata.

Hatua ya 5: Chakula cha kando ya ziwa

Protini ikishasagwa tumboni hupita mlango ule ule ambao levodopa hupitia kwenye utumbo na kwenye ubongo. Vikifika pamoja, vinagombania. Hilo lina uzito wa pekee kwa nyumba ambazo sato, sangara na dagaa ni kitoweo cha kila siku.

Samaki haachwi, kwa sababu mgonjwa wa Parkinson hupungua mwili upesi na anahitaji protini. Anahamishwa. Mchana, mgonjwa anapohitaji kutembea, apate ugali au wali na mchicha, matembele, viazi, michembe iliyopikwa ikalainika. Samaki, nyama, maharage na mtindi viende chakula cha jioni, wakati kukata kidogo hakumzuii kazi. Uji wa lishe ndio mtego ambao wengi hawauoni: ukiwa umechanganywa soya, karanga na unga wa dagaa, una protini ya kushindana na dozi ya asubuhi. Asubuhi uji mwepesi wa dona au ulezi unamfaa zaidi.

Muda wa chakula unategemea aina ya dawa. Kidonge cha kawaida huenda vizuri tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula. Kidonge cha CR kikimezwa na chakula kinaweza hata kuingia kwa wingi zaidi, kwa hiyo siri yake ni kutobadilisha: kama ni kabla ya chakula, iwe kabla kila siku, kama ni pamoja na chakula, iwe hivyo kila siku. Kwa kapsuli za chembechembe, chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuchelewesha dawa kwa saa mbili hivi. Dozi ya kwanza ya siku imezwe saa moja hadi mbili kabla ya kula, na chapati, mihogo ya kukaanga na supu nzito visubiri.

Hapo malaria inaingilia. Dawa ya mseto, ALu, inahitaji chakula chenye mafuta ili iingie mwilini vizuri. Basi katika siku zake tatu msiweke ALu na dozi ya Parkinson kwenye sahani moja. Mgonjwa ameze ya Parkinson kwanza, baadaye ale na ameze ALu, bila kuvunja saa zilizopangwa za dawa yoyote. Mfamasia awasaidie kupanga ratiba hiyo kwenye karatasi. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo huishika levodopa tumboni. Vitengeni kwa angalau saa mbili.

Choo kigumu kinachelewesha kila kitu. Maji glasi sita hadi nane kwa siku kama daktari hakukataza, papai, mboga za majani, kutembea. Mgonjwa ambaye dozi zake zinashika leo na kesho hazishiki, bila sababu inayoonekana, aombewe kipimo cha bakteria wa tumbo, H. pylori, maana wanapunguza uingiaji wa levodopa na wanatibika.

Hatua ya 6: Mambo yanayokwenda kombo, na sababu zake

*Asubuhi dawa haishiki.* Ni lalamiko la kwanza la karibu kila anayehamia CR. Dawa ya usiku imeisha, ya asubuhi bado haijafika. Msiongeze kidonge cha pili baada ya nusu saa, kwa sababu viwili vitapanda pamoja saa nne na mwili utaanza kucheza. Andikeni dakika zilizopita tangu ameze hadi ashike, siku tatu, kisha mpigie kliniki simu kuhusu dozi ya kawaida ya alfajiri.

*Jioni anachezacheza.* Dozi za taratibu hupandana: mkia wa ile ya asubuhi upo bado wakati ya mchana inapanda, na ya jioni inakuta zote mbili. Dawa nyingi mno jioni mara nyingi hupunguzwa kwenye dozi ya mchana au ya jioni, si ile ya asubuhi. Msizipunguze wenyewe, onyesheni daftari.

*Kichefuchefu.* Siku za mwanzo, kipande cha mkate au kiazi kikavu kidogo pamoja na dawa husaidia. Msikubali metoclopramide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, hata ikiwa duka la dawa wameitoa kwa nia njema. Inaziba milango ile ile ya dopamini ambayo mnaigharamia dawa kuifungua, na mgonjwa anaweza kuganda ndani ya siku chache. Promethazine na prochlorperazine nazo zina tatizo hilo. Daktari anaweza kuandika domperidone, baada ya kuangalia moyo.

*Kizunguzungu akisimama.* Aketi ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama, anywe maji glasi mbili, asioge maji ya moto sana. Kama anatumia dawa za kushusha presha, daktari azipitie upya, maana huenda zinamzidi sasa.

*Anaona watu wasiokuwepo.* Mzee anayeanza kusema kuna watoto pembeni ya kabati au wadudu juu ya shuka hajarogwa na hajapandwa na majini. Huweza kuwa dawa, na huweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji. Apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Waambieni wahudumu kwa sauti, kabla hawajaandika chochote: "Ana Parkinson, asipewe haloperidol wala chlorpromazine." Zipo dawa nyingine, kama quetiapine, ambazo daktari anaweza kuzitumia.

*Usingizi wa ghafla na tabia mpya.* Hili ni la pramipexole na ropinirole hasa, ingawa hata levodopa inaweza kulileta. Mgonjwa anaweza kusinzia katikati ya sentensi. Kwa anayeendesha bodaboda, anayeshika injini ya mtumbwi au kusimamia mashine ya kusaga, asifanye kazi hiyo hadi ijulikane dawa inamkaaje. Pia anaweza kushikwa na kubeti, kununua ovyo au tamaa ya ngono isiyo ya kawaida yake. Ni athari ya dawa kwenye ubongo, na inapungua daktari akishusha dozi. Anayemuuguza aangalie salio la simu kwa ukimya na heshima, na amwambie daktari hata kama mgonjwa anaona haya.

*Mabaki ya kidonge chooni.* Kwa pramipexole ya taratibu hutokea. Mara nyingi ni ganda lililobaki. Kama hali yake imerudi nyuma tangu myaone, mwambieni daktari.

*Mkojo, jasho au mate yamekuwa meusi au mekundu.* Levodopa hufanya hivyo. Inachafua nguo, haidhuru. Mkojo ukija na maumivu au homa, hilo ni jambo jingine, apimwe.

Mgonjwa anayeanzishiwa dawa za kifua kikuu aitaje levodopa kliniki ya TB, kwa sababu isoniazid inaweza kupunguza nguvu yake.

Hatua ya 7: Akiba, safari na siku dawa inapokosekana

Dawa ya Parkinson haikatishwi ghafla. Mgonjwa aliyeikosa siku moja au mbili anaweza kupata homa kali, kukakamaa mwili mzima, jasho na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura inayoua. Apelekwe hospitali usiku huo huo, na mseme wazi kwamba dawa ilikatika, maana kwa macho inafanana na malaria kali.

Kwa hiyo wekeni akiba ya angalau wiki mbili juu ya dozi za mwezi, na muanze kutafuta mpya dozi za mwezi zikibaki za siku kumi, kabla hamjagusa akiba. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wa Sengerema na Geita wanafika Mwanza bila kusubiri kivuko, lakini wa Ukerewe bado wanategemea meli au kivuko cha Rugezi–Kisorya, na ziwa likichafuka safari inaahirishwa. Wa visiwani waongeze akiba iwe ya wiki tatu. Kabla ya kusafiri, mfamasia apigiwe simu na asomewe jina, herufi na namba zote za kwenye boksi, si "ile dawa ya mzee ya kutetemeka".

Hifadhini kwenye kopo lake lililofungwa, kabatini, chumba chenye hewa. Chini ya bati mchana ni joto mno, jikoni kuna mvuke, na friji ina unyevu. Kidonge kilichobadilika rangi kikawa cheusi kirudisheni kwa mfamasia.

Na sasa ile karatasi ya kurudi nyuma. Mgonjwa wa kapsuli tisa za 95 akizikosa, mtu wa nyumbani atakwenda duka la dawa na kuomba vidonge vya kawaida "vya kufikia 855". Hivyo ni vidonge vinane na nusu vya 100 kwa mtu ambaye alikuwa akitosheka na vitano. Atazidiwa vibaya. Karatasi yenye mwandiko wa daktari iseme: dawa ya taratibu ni ipi, miligramu ngapi, saa ngapi, na ikikosekana, vidonge vingapi vya kawaida, saa ngapi. Tengenezeni nakala tatu: moja kwenye kopo, moja kwenye pochi ya mgonjwa, picha moja kwenye simu ya kila anayemuuguza. Akilazwa kwa sababu yoyote ile, upasuaji, mvunjiko wa nyonga, malaria, karatasi hiyo na dawa zake mwenyewe vitangulie wodini, na muuguzi wa zamu aoneshwe saa za dozi kabla ndugu hawajaondoka.